Sura ya Sita: Neno Ndilo Mwenyeji

Alhamisi moja jioni, katika darasa tuliloazimwa kwa mazoezi pale Bwiza, mtaa wa Bujumbura, mzee mmoja wa sauti ya besi aliisogeza karatasi karibu na balbu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwalimu," akasema, "huyu mfalme umemkata kichwa?"

Nilikuwa nimetoka kwenye duka la fotokopi na nakala 40 bado za moto. Wimbo ulikuwa mpya kwa nusu ya kwaya. Neno "mfalme" lilikuwa na nota tatu, nami nililigawa mara mbili tu: "mfal" kwenye nota ya kwanza, "me" kwenye ya pili. Nota ya tatu ilipokosa chake ikachukua cha jirani. Kuanzia pale silabi zote zilihama nota moja kwenda kushoto, hadi mwisho wa ukurasa wa pili, ambako nota ya mwisho, ndefu kuliko zote, ilibaki haina neno lolote. Soprano, waliokuwa wameushika wimbo kwa kichwa tangu mwaka uliopita, waliimba vizuri bila kuitazama karatasi. Vijana wapya wa besi, waliokuwa wamejifunza kusoma nota kwa bidii, walisoma kilichoandikwa na wakaharibu kila kitu.

Niliilaumu kompyuta mpaka nilipofika nyumbani. Usiku, nikihesabu kwa vidole, nikaona kosa halikuhusu kompyuta hata kidogo. Nilikuwa nimesahau Kiswahili.

Hesabu ya mizani

Aliyewahi kufundishwa kutunga shairi anajua kuhesabu mizani. Nane ukwapi, nane utao, na asiyetimiza anachekwa. Katika hesabu ile "mtu" ana mizani mbili: m-tu. "Nchi" nayo mbili: n-chi. "Mfalme" ana tatu, na ile m yake inadai pigo lake kamili kama silabi nyingine yoyote. Lakini "mbali" ina mbili tu, mba-li, kwa sababu m yake imeegemea b. "Ngoma" ni ngo-ma. Kisha linakuja la kuchekesha: "mbu" na "mbuzi" yanaanza kwa herufi zilezile tatu na yote yana mizani mbili. M ya mdudu inasimama peke yake, m-bu, na m ya mnyama inabebwa, mbu-zi. Mswahili hafundishwi hilo, sikio lake linalo tangu utotoni. Kompyuta haina sikio.

Programu ya kuandika nota ya Sibelius, kwa mfano, inajua kugawa yenyewe silabi za Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na Kilatini. Kiswahili hakimo, wala Kirundi. Ukiipa maneno yetu iyagawe kwa kanuni za lugha nyingine, utapata vipande ambavyo hakuna mdomo wa Bujumbura unaoweza kuvitamka. Kwa hiyo tunagawa wenyewe, na si kazi kubwa kwa lugha ambayo karibu kila silabi yake inaishia kwenye irabu. Nawashauri wanafunzi wangu waandike kwanza maneno yote kwenye karatasi ya kawaida, wayakate kwa vistari, wahesabu mizani ya kila mstari, ndipo wawashe kompyuta. Anayeanza na nota na kutafuta maneno baadaye atasogeza silabi usiku kucha.

Katika MuseScore, programu ya bure ambayo kwaya nyingi zisizo na fedha zimeikimbilia, unachagua nota ya kwanza, unabonyeza Ctrl na L, na kisanduku cha maneno kinafunguka chini ya nota. Vitufe vitatu vinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Nafasi inakupeleka nota inayofuata na neno jipya. Kistari kifupi kinakupeleka nota inayofuata ukiwa bado ndani ya neno lilelile. Kistari cha chini kinaivuta silabi ya mwisho ipite juu ya nota kadhaa, kama pale "a" ya "aleluya" inapotembea bila haraka. Kwenye kibodi ya Kifaransa, ambayo hapa Bujumbura bado ipo kila mahali, kistari kifupi kipo kwenye kitufe cha 6 na kile cha chini kwenye kitufe cha 8, wala huhitaji kubonyeza kingine. Aliyejifunza kwenye kibodi ya Kiingereza atahangaika siku mbili.

Wengi huvichanganya vistari hivi viwili, na ukurasa husomeka vibaya. Kistari kifupi kinamwambia mwimbaji: neno halijaisha, usivute pumzi. Mstari mrefu wa chini unamwambia: neno limeisha, wewe endelea kushikilia. Ukiweka kimoja mahali pa kingine, watu watapumua katikati ya jina la Mungu. Nimesikia hilo likitokea, na padre alilisikia pia.

Kuna suala jingine la mizani ambalo programu haiwezi kulisaidia. Mkazo wa Kiswahili kwa kawaida unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Pigo zito la muziki linaanguka pale penye mstari wa wima unaofungua kipimo kipya. Vitu hivi viwili vikikutana, neno linasikika; vikigombana, neno linageuka. Tuna "barabara" mbili katika lugha hii, moja ya kupitia magari na nyingine yenye maana ya sawasawa, na tofauti yake ni mkazo peke yake. Tenzi nyingi tulizorithi kutoka kwa wamisionari zilitafsiriwa kufuata tuni za Ulaya zilizokwisha kuwepo, na ndiyo maana bibi zetu walizoea kuimba mikazo ambayo wasingeitumia hata siku moja sokoni. Tusijidai kuwasahihisha wao, walizipenda hivyo. Ila ukitunga mpya, usirudie.

Nani alitangulia

Watu huniuliza: "Nawekaje maneno kwenye nota?" Swali lenyewe limegeuzwa kichwa chini, na waliolianzisha ni watengenezaji wa programu, kwa sababu kwao nota ndiyo kitu na neno ni nyongeza inayoning'inizwa chini yake.

Kihistoria ilikuwa kinyume. Katika monasteri za Ulaya, karne ya 9 na ya 10, kilichoandikwa kwanza kilikuwa maneno ya sala. Juu yake mwandishi aliweka alama ndogo za kukumbusha sauti ipande au ishuke. Hazikuonyesha kwa uhakika ni kwa kiasi gani. Mnamo mwaka 1025 hivi, mmonaki Guido wa Arezzo alieneza mistari iliyozifanya alama zile zikae mahali pa kusomeka, na majina aliyoyapa sauti, yale tunayoyaita do, re, mi, aliyachota kwenye silabi za kwanza za mistari ya wimbo wa Kilatini. Hata majina ya nota, basi, yalizaliwa na maneno.

Wachapaji ndio walioonja uchungu wa kuviunganisha. Ottaviano Petrucci, aliyechapa kitabu chake cha kwanza cha muziki Venice mwaka 1501, aliipitisha karatasi ileile kwenye mtambo zaidi ya mara moja: mistari peke yake, nota peke yake, maandishi peke yake. Karatasi ikisogea kidogo tu, neno linatua chini ya nota isiyo yake. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka yule mfalme wangu. Karibu miaka 300 baadaye, mwaka 1796 huko Munich, Alois Senefelder, mwandishi wa tamthilia aliyekuwa akitafuta njia rahisi ya kuchapa, alibuni uchapaji wa jiwe, na miongoni mwa kazi za kwanza alizozitoa zilikuwa za muziki. Juu ya jiwe moja mkono mmoja uliweza kuchora nota, neno na picha pamoja. Kompyuta zetu zimeturudisha kwenye jiwe lile.

Huku Afrika Mashariki tulikuwa na njia nyingine, na binafsi naiona ya werevu zaidi. Solfa ya John Curwen, Mwingereza wa karne ya 19 aliyeendeleza kazi ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich, huandika muziki wote kwa herufi za kawaida: d, r, m, nukta mbili na vistari. Haihitaji mistari mitano. Mwenye taipureta aliandika sauti nne na maneno yake kwa mashine ileile, akatoa nakala, akagawa. Enoch Sontonga alipotunga mwaka 1897 wimbo ambao baadaye ulizaa wimbo wa taifa wa Tanzania, aliuandika kwa solfa. Mpaka leo ukikaa na wanakwaya wazee wa Kenya au Tanzania, wapo wasiosoma nota hata moja lakini ukiwapa solfa wanaimba papo hapo. Huku Burundi, kwa sababu ya Wabelgiji na Mapadre Weupe, tulikulia zaidi kwenye solfeji ya Kifaransa. Ukiwa na waimbaji wa pande zote mbili, unaweza kuiandika solfa kama mstari wa kwanza wa maneno na maneno yenyewe kama mstari wa pili. Ukurasa unajaa, lakini kila mtu anapata chake.

Maandishi yasiyo maneno ya wimbo

Si kila herufi iliyo kwenye ukurasa inaimbwa. "Polepole", "Kiitikio", "Rudia mara 2", "Soprano peke yao", jina la mtunzi, tarehe, namba ya zaburi. Programu inayagawa maandishi haya katika koo, na ukimweka mtu kwenye ukoo usio wake utaambiwa siku ya hafla.

Koo mbili ndizo zinazoleta balaa. Kuna maandishi ya sauti moja, yanayoshikana na mistari ya soprano tu, au ya alto tu. Kuna maandishi ya mfumo mzima, yanayokaa juu ya sauti zote. Kwenye ukurasa wa mwalimu, wenye sauti zote nne, huwezi kuyatofautisha kwa macho. Tofauti inajitokeza unapotoa nakala ya kila sauti peke yake. Niliwahi kuandika "Rudia kiitikio" kwa namna ya kwanza, juu ya soprano. Nakala za alto, teno na besi zikatoka safi, bila maelekezo hayo. Kwenye harusi, soprano walirudia kiitikio na wengine wakasonga mbele kwenye ubeti wa tatu. Bwana harusi alifikiri ndivyo wimbo ulivyo, akapiga makofi. Katika MuseScore maandishi ya sauti moja ni Ctrl na T. Ya wote ni Ctrl, Shift na T. Kitufe kimoja cha Shift kingeniokoa.

Beti ni jambo la kuamua kwa macho. Chini ya mistari mitano unaweza kupanga ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, kila mmoja na namba yake. Zaidi ya mitatu, mimi nakataa. Jicho la mwimbaji linaposhuka ngazi nne na kupanda tena kutafuta nota, linapotea, hasa taa zikiwa hafifu. Beti zilizobaki zipelekwe chini ya wimbo, kwenye fremu ya maandishi, kama shairi la kawaida. Lakini hapo sharti la mizani linarudi na fimbo: ubeti wa nne usipolingana na wa kwanza, mwimbaji hana nota ya kumwonyesha apunguze wapi au avute wapi. Ndiyo sababu nyimbo zilizotungwa na watu wanaojua ushairi zinakubali kuandikwa hivyo, na zile zilizotungwa kwa gitaa usiku mmoja zinakataa.

Fonti nitaipita haraka. Kiswahili na Kirundi havina herufi za ajabu. Tunachohitaji ni ile alama ya juu katika "ng'ombe", na fonti nyingi zinayo. Epuka fonti za mapambo zenye mikia. Ukurasa uliopigwa fotokopi mara ya tatu hauachi mkia wowote ukiwa hai.

Mnong'ono wa inanga

Sasa nije kwenye kazi iliyonifundisha kuliko zote, na ambayo bado sijaimaliza kwa namna inayoniridhisha.

Inanga ya Burundi ni ubao uliochongwa kama sinia refu, na juu yake kamba moja ndefu iliyopitishwa kwenda na kurudi mara kadhaa. Mpigaji anakaa, anaiegemeza, anaikung'uta kamba kwa sauti nzito, na huku akisimulia. Hasimulii kwa kuimba. Anasimulia kwa kunong'ona. Wafaransa waliorekodi muziki wa Burundi miaka ya 1960 waliiita inanga ya kunong'ona, na jina hilo limebaki kwenye vitabu.

Ajabu yake ni hii. Mnong'ono hauna nota. Unaponong'ona, nyuzi za sauti kooni hazitetemi, kinachotoka ni hewa tu. Lakini ukimsikiliza mpigaji mzuri, unaapa kwamba anaimba na kwamba maneno yake yanapanda na kushuka. Mtafiti wa muziki Cornelia Fales aliichunguza kwa makini inanga hii ya Burundi, na kazi yake iliyotoka mwaka 2002 inaonyesha kwamba sikio lenyewe ndilo linalofanya uchawi: sauti ya kamba na pumzi ya msimulizi vinachanganyika kichwani mwa msikilizaji, na pumzi inavikwa nota isiyokuwa yake. Kirundi, kumbuka, ni lugha ya toni, na urefu wa irabu zake hubadili maana ingawa maandishi ya kawaida hayauonyeshi.

Basi mpe programu kazi hiyo. Maneno yapo, nota zake hazipo. Programu haikubali neno la wimbo lisilo na nota ya kuning'inia.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa kuyaweka maneno chini ya nota za inanga. Yalikaa vizuri, ukurasa ukapendeza, na ulikuwa uongo: yeyote atakayeusoma ataimba nota zile, na inanga itakuwa wimbo wa kawaida wenye ala. Mara ya pili niliyaandika kama maandishi huru juu ya mistari. Hapo nilikuwa mkweli, lakini nilipobadilisha ukubwa wa ukurasa kutoka A4 kwenda kitabu kidogo, vipimo vilijibana, nota zikahama na maneno yakabaki yakitazamana kama abiria walioachwa na basi. Maandishi huru yameshikwa mahali pamoja tu. Silabi ya wimbo imeshikwa na nota yake na inakwenda nayo kokote.

Njia ninayoitumia leo ni kumpa msimulizi mstari wake mwenyewe, mmoja badala ya mitano, juu ya inanga. Kwenye mstari huo naandika nota zenye vichwa vya msalaba, ambazo zinaonyesha wakati bila kuonyesha sauti. Nazizima zisilie kompyuta inapopiga. Chini ya kila msalaba inakaa silabi moja. Mwanzoni kabisa naweka maandishi: "kwa kunong'ona". Panapohitajika, katika fremu mwanzoni mwa ukurasa, naandika aya fupi ya kumweleza msomaji asiyewahi kuisikia inanga kwamba asitafute sauti kwenye misalaba ile, bali aziache kamba zimvike. Aya hiyo ina mistari mitano na ni maandishi ya kawaida, lakini bila yake ukurasa wote ni kitendawili.

Picha: mahali pake na uzito wake

Watu wa Bwiza wanapenda picha kwenye karatasi zao. Nembo ya parokia, njiwa, msalaba, uso wa somo wa kwaya, wakati mwingine picha ya mfadhili. Nyingi kati yake ni mapambo, na mapambo yakila nafasi ya nota nayaondoa bila huruma. Lakini kuna picha zinazofanya kazi ambayo neno haliwezi.

Chukua ngoma zetu, zile za kifalme ambazo UNESCO iliziandikisha mwaka 2014 katika urithi wa binadamu. Wapigaji wanasimama nusu duara. Katikati inakaa inkiranya, ngoma inayoongoza. Amashako zinashikilia mapigo yasiyokatika, na ibishikizo zinafuata mwendo wa ile ya katikati. Unaweza kuandika nota za kila kundi kwa usahihi wa saa, na mwalimu wa shule ya Mombasa au Muscat asiyewahi kufika Gishora, kwao ngoma hizi, bado atawapanga watoto wake mstari mmoja kama gwaride. Mchoro wa duara kumi na mbili, zikiwa zimepangwa nusu mwezi na moja katikati ikiwa nyeusi, unamaliza maelezo ya ukurasa mzima. Mchoro wa pili, wa ngoma moja ikionyesha ngozi na ukingo, unamwambia mpigaji kwamba fimbo ina mahali pawili pa kutua, na kwamba nota ya msalaba ni ukingo.

Kiufundi, swali la kwanza ni picha ishikane na nini. Ukiiburuta ndani ya MuseScore na kuiachia juu ya nota, itashikana na nota hiyo, na nota ikihamia ukurasa wa pili, nembo ya parokia itaifuata huko. Tengeneza fremu kwanza, juu ya kipimo cha kwanza, kisha uiweke picha ndani ya fremu. Hapo itatulia. Picha inayoeleza tendo fulani, kama ule mchoro wa ukingo, ndiyo ya kushikanisha na nota yake makusudi.

Swali la pili ni aina ya faili. Picha za kawaida, JPG na PNG, zimejengwa kwa vitone. SVG imejengwa kwa mistari iliyoelezwa kwa hesabu, haijali ukubwa, na ukiivuta hadi upana wa ukuta haitachanika. Kwa nembo na michoro, SVG haina mpinzani. Kama huna, hesabu vitone vyako: uchapaji mzuri unataka vitone 300 kwa inchi, kwa hiyo nembo ya upana wa sentimita 3 inahitaji vitone kama 350 kwa upana. Nembo nyingi zinazozunguka kwenye vikundi vya WhatsApp zimebanwa na kutumwa tena mara nyingi hadi kingo zake zimeota ukungu. Kwenye simu huoni. Kwenye karatasi utaona.

Na usisahau kwamba safari ya ukurasa wako inaishia kwenye mashine ya fotokopi yenye wino mweusi mmoja. Mwaka fulani niliweka picha nzuri ya rangi ya ngoma tatu zenye bendera, nyekundu na kijani. Nyekundu ilitoka nyeusi, kijani kikatoka cheusi, na ngoma zikafanana na sufuria zilizoungua. Tangu hapo kila picha naigeuza nyeusi na nyeupe mwenyewe kabla haijatoka nyumbani, na naipendelea ile iliyochorwa kwa kalamu kuliko iliyopigwa kwa kamera.

Faili zinapohama nyumba

Tarehe 26 Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ilitangaza kwamba inaacha kuiendeleza Finale, programu iliyokuwa imetimiza miaka 35. Watunzi wa dunia nzima walijikuta na makabati ya faili ambazo siku moja hazitafunguka. Kwetu habari hiyo haikuwa ngeni sana. Nyimbo nyingi za kwaya za Kikatoliki za Tanzania ziliandikwa kwa Finale na kwa Encore, programu nyingine ya zamani, na kwaya za Kiswahili za kanda yote huzipata kupitia hazina ya mtandaoni ya Swahili Music Notes, zikiwa PDF. PDF inasomeka na kuchapika, lakini huwezi kushusha ufunguo kwa ajili ya soprano wenye mafua.

Njia ya kuhama inaitwa MusicXML, lugha ya kati iliyobuniwa na Michael Good, ambayo programu karibu zote zinaielewa. Na ni katika kuhama ndipo utajua kama ulifanya kazi yako kwa uaminifu. Silabi zilizoandikwa kama maneno ya wimbo, zikiwa zimefungwa kwenye nota zake, zinavuka salama pamoja na vistari vyake. Maneno yaliyochapwa kama maandishi huru na kusogezwa kwa kipanya mpaka yakaonekana sawa yanafika yametawanyika. Picha mara nyingi hazivuki kabisa. Ziweke kwenye folda yake, zenye majina yanayoeleweka, uzirudishe kwa mkono.

Kuna maandishi mawili ambayo yasipovuka nitakasirika. Kwa mila ya waandishi wa nota, mwenye maneno anaandikwa juu kushoto, mwenye muziki juu kulia, na programu zote zina nafasi hizo tayari. Wimbo wetu wa taifa, uliopokewa mwaka 1962, unazihitaji zote mbili: maneno yake yaliandikwa na kundi lililoongozwa na padre Jean-Baptiste Ntahokaja, na muziki ni wa Marc Barengayabo. Ukiandika jina moja tu umemnyang'anya mtu. Kwenye nyimbo za kwaya tunafanya hivyo kila wiki: jina la mtunzi wa tuni lipo kulia, na kushoto pako wazi, kana kwamba maneno yalianguka na mvua.

Fungua faili ya wimbo mtakaoimba Jumapili hii. Kama kushoto pako wazi, waulize wazee wa kwaya yako kabla hujaipeleka kwenye fotokopi. Jina hilo wanalo.